Balrog ana mabawa au hana?

Ubishi mkongwe kuliko yote miongoni mwa wasomaji wa J.R.R. Tolkien, mwandishi Mwingereza wa hadithi za kubuni, umeletwa na neno dogo: "kama". Ndani ya migodi ya Moria, kwenye daraja la Khazad-dûm, mchawi mzee Gandalf anasimama kumzuia Balrog, zimwi la kale la moto na giza. Kwanza riwaya yenyewe, The Lord of the Rings, inatuambia kwamba kivuli kilichomzunguka zimwi huyo kilitanuka kama mabawa mawili makubwa. Kidogo mbele anajinyoosha, na safari hii "kama" haipo: mabawa yake yametanda ukuta hadi ukuta.

Hapo ndipo ngoma ilipoanza. Kambi moja inasema sentensi ya kwanza ni tashbihi na ya pili ni sitiari iliyozaliwa na tashbihi hiyohiyo. Mwandishi akishatuambia kivuli ni kama mabawa, kwa nini arudie "kama" kila mara? Kambi ya pili inasema mwanzoni wasafiri walikuwa hawaoni sawasawa, na kiumbe alipokaribia wakaona kwamba mabawa ni mabawa. Kambi ya kwanza inauliza: mwenye mabawa angeporomokaje shimoni daraja lilipokatika? Ya pili inajibu kwamba mbuni naye ana mabawa.

Nimeufuata ubishi huu kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, na nimegundua kwamba mara nyingi wabishani hawabishanii kitu kimoja. Yupo anayeuliza kiumbe huyu yukoje ndani ya ulimwengu wa hadithi. Yupo anayeuliza andiko lipi la Tolkien ndilo lenye kauli ya mwisho. Na yupo anayeuliza Tolkien alimtoa wapi. Huyu wa tatu atakuletea Surtr, jitu la moto katika visasili vya Skandinavia. Au, akiwa amesoma zaidi, atakuletea makala ambayo Tolkien alichapisha mwaka 1932 na 1934 kuhusu neno la Kiingereza cha kale, Sigelhearwan, lililotumiwa na watafsiri wa zamani kuwataja Waethiopia. Tolkien alihisi kwamba kabla ya hapo neno hilo lilikuwa la viumbe wa kisasili, wenye macho yanayotoa cheche na nyuso nyeusi kama masizi. Ni jambo la kusisimua, na wataalamu kadhaa wanaona ndimo Balrog alimoanza kuchipua. Lakini halituambii lolote kuhusu mabawa. Mwenye swali la kwanza amejibiwa swali la tatu, naye anakasirika, na ana haki.

Swali la andiko ndilo linaloponza wengi, kwa hiyo tulikalie kwanza. Tolkien alichapisha The Hobbit mwaka 1937, na The Lord of the Rings kwa mafungu matatu kati ya 1954 na 1955. Alipofariki Septemba 1973, kazi aliyoianza ujanani, yaani historia ya Waelfi (watu wasiokufa kwa uzee) na vita vyao dhidi ya Morgoth, adui mkuu wa giza, ilikuwa bado marundo ya karatasi: rasimu juu ya rasimu, majina yaliyofutwa na kuandikwa upya, kisa kimoja katika sura nne au tano. Mwanawe Christopher, akisaidiwa na kijana kutoka Kanada, Guy Gavriel Kay, akazishona karatasi hizo zikawa The Silmarillion, kitabu kilichotoka 1977. Nasema kushona kwa makusudi. Ilibidi achague toleo moja la kila kisa, aliunge na jingine, na mahali pengine azibe pengo. Kisha kati ya 1983 na 1996 akatoa mabuku 12 ya kuonyesha karatasi zenyewe, na humo akakiri bila kificho pale alipoona uchaguzi wake wa 1977 haukuwa bora.

Kwa hiyo kitabu ambacho shabiki mgeni hukinukuu kama sheria ni uamuzi wa mhariri, mhariri aliyejuta kiasi. Hilo likieleweka, ubishi mwingi hupoa. Mwingine huwaka zaidi.

Chukua asili ya Maorki, wale askari wa giza. Ukiuliza walitoka wapi, wengi watakujibu haraka: ni Waelfi waliotekwa na Morgoth, wakateswa mpaka wakaharibika. Ndivyo The Silmarillion inavyosema, ingawa hata humo imewekwa kama jambo wanaloliamini wenye hekima, si kauli ya moja kwa moja ya msimulizi. Katika visa vya mwanzo kabisa mambo yalikuwa mepesi: Morgoth aliwafinyanga kutokana na mawe na tope, yakaisha. Tatizo likaja Tolkien alipoweka msingi kwamba uovu hauwezi kuumba, unaweza kuharibu tu kilichokwisha kuumbwa. Frodo, Mhobiti (wa jamii ya watu wafupi) aliye mhusika mkuu, anatamka wazo hilo katika The Lord of the Rings. Tope likaondoka, Waelfi wakaingia. Ila Waelfi nao wakaleta tatizo zito zaidi: Mwelfi ana roho isiyopotea. Je, Orki naye anayo? Akifa huenda wapi? Kama ana roho, ni halali kumwua bila huruma kama wanavyofanya mashujaa wa kitabu?

Miaka ya mwisho ya maisha yake Tolkien aliandika insha baada ya insha akilihangaikia jambo hili. Pengine walikuwa wanyama waliofundishwa kusema kama kasuku. Pengine walitokana na wanadamu. Pengine wakubwa wao walikuwa pepo wadogo waliovaa miili. Insha hizo zilitoka 1993 katika mojawapo ya yale mabuku 12, na ukizisoma unamwona mzee mcha Mungu aliyebanwa na mantiki ya ulimwengu alioujenga mwenyewe. Hakumaliza. Anayesema "Maorki ni Waelfi, mwisho wa habari" amechagua karatasi moja kati ya nyingi. Anayesema ni wanadamu kwa sababu hilo ndilo wazo lililokuja baadaye naye amechagua kanuni, kwamba la mwisho ndilo sahihi, ambayo haikuandikwa popote. Mtu hubadili mawazo, tena hurudi nyuma.

Kuna mfano wenye raha zaidi kuliko huo. Katika The Hobbit ya 1937, pete aliyoiokota Mhobiti Bilbo ni pete ya kumfanya mtu asionekane, basi. Gollum, kiumbe wa mapangoni aliyekuwa nayo, anaiweka rehani kwenye mchezo wa vitendawili, na anaposhindwa na kuikosa pete anaomba radhi, kisha anamwonyesha Bilbo njia ya kutokea kama fidia. Tolkien alipoanza kuandika mwendelezo, pete ileile ikageuka kuwa Pete Kuu ya Sauron, mtawala wa giza, kitu ambacho hakuna anayekimiliki angekubali kukitoa kwa hiari. Sura ya vitendawili ikawa haiwezekani tena. Akaiandika upya, na toleo la 1951 likatoka na Gollum mwingine kabisa, mwenye chuki na kilio.

Sasa, mwandishi wa kawaida angeishia hapo. Tolkien akalichukua lile toleo la zamani na kuliingiza ndani ya hadithi: ndiyo kisa cha uongo alichosimulia Bilbo mwanzoni ili ionekane pete ni haki yake, na uongo huo ukawa dalili ya kwanza kwamba pete imeanza kumla. Kosa la kitabu likawa kosa la mhusika. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu alijiweka kama mtafsiri tu wa kitabu cha kale kilichoandikwa na Wahobiti wenyewe, Kitabu Chekundu cha Westmarch. Ndiyo maana shabiki akikutana na mkanganyiko ana mlango wa kutokea: huenda Mhobiti aliyeandika alikosea. Mlango huo ni mtamu, na unatumiwa vibaya kila siku.

Tuje kwenye mizizi, mahali ambapo watu huona kila kitu kimetoka kila mahali.

Ipo mizizi isiyobishaniwa. Vibete wa The Hobbit wametolewa majina karibu wote katika orodha moja iliyomo ndani ya Völuspá, shairi la kale la Kiaislandi: Thorin, Fili, Kili, Bifur, Bofur, Bombur na wengineo. Balin hayumo, na hilo peke yake limezaa ubishi wake. Jina la Gandalf limo pia, likiwa jina la kibete, na maana yake ni kama elfi mwenye fimbo. Katika rasimu ya kwanza kiongozi wa vibete ndiye aliyeitwa Gandalf, na mzee wa fimbo aliitwa Bladorthin. Halafu kuna Túrin, shujaa mwenye bahati mbaya kuliko wote: anamwoa dada yake bila kujua, anauliza upanga wake kama utakubali kuinywa damu yake, upanga unajibu, naye anauangukia. Karibu hayo yote yamempata Kullervo (ila yeye alilala na dada yake bila kumwoa) katika Kalevala, utenzi wa Wafini uliokusanywa na Elias Lönnrot na kuchapishwa 1835, kisha kupanuliwa 1849. Tolkien alikuwa amejaribu kukisimulia upya kisa cha Kullervo akiwa mwanafunzi wa Oxford, na baadaye alimtaja waziwazi kati ya waliomchangia Túrin.

Tazama kinachoufanya ushahidi huu uwe na nguvu. Shujaa kujiua ni jambo lililoenea, na ndugu waliooana bila kujua nao wamejaa katika hadithi za dunia. Lakini upanga unaojibu swali la mwenyewe? Hilo ni la ajabu mno kutokea mara mbili kwa bahati. Jina lililonakiliwa au tukio geni la namna hiyo ndilo linalotufunga mikono.

Kufanana kwa jumla ni hoja dhaifu. Duniani wawili wawili. Siegfried wa Wajerumani alioga damu ya joka, ngozi yake isipenywe na silaha, ila pale mgongoni jani lilipomdondokea. Balder wa Skandinavia aliapiwa na vitu vyote kwamba havitamdhuru, isipokuwa mmea mmoja mdogo. Na Fumo Liyongo, kama tujuavyo sote, hakuna kilichomwua ila sindano ya shaba kitovuni. Hakuna anayesema wasimulizi wa Liyongo walikuwa wakisoma habari za Siegfried. Binadamu wakimtunga mtu asiyeshindika, hujikuta wanamwachia tundu, la sivyo hadithi haina mwisho.

Ukilishika hilo, ubishi mkubwa wa Pete unaanza kufunguka. Wapo wanaosema Tolkien aliichukua Pete kwa Richard Wagner, ambaye mfululizo wake wa opera nne kuhusu pete ya Wanibelungi ulionyeshwa mzima kwa mara ya kwanza Bayreuth mwaka 1876. Mfasiri wa Kiswidi wa Tolkien, Åke Ohlmarks, aliandika jambo la namna hiyo katika utangulizi wake, na Tolkien akajibu kwa ukali katika barua ya 1961 kwa wachapishaji wake kwamba pete zote mbili ni za duara, na kufanana kunakomea hapo. Watetezi wake hupenda kuirusha barua hiyo mezani kana kwamba kesi imefungwa.

Haijafungwa. Ni kweli kwamba Tolkien na Wagner walikunywa kisima kimoja: hadithi za Kiskandinavia za Sigurd, pete yenye laana ya Andvari, joka Fafnir, upanga uliovunjika na kufuliwa upya. Upanga wa Aragorn, mrithi wa ufalme katika The Lord of the Rings, ni mjukuu wa huo bila shaka. Lakini katika hadithi hizo za kale pete ya Andvari huzaa mali na kumletea mauti aliye nayo; haimpi mtu utawala wa dunia. Pete inayompa aliyeifua mamlaka juu ya ulimwengu ni nyongeza ya Wagner. Je, Tolkien aliipata kwake? Inawezekana. Inawezekana vilevile kwamba aliifikia kwa njia nyingine, kwani pete inayotiisha viumbe wasioonekana tunaijua kutoka visa vya Mfalme Suleimani, na pete inayomficha mtu kisha ikamwonyesha alivyo mwovu imo katika maandishi ya Plato, kwenye kisa cha Gyges. Mimi naona Wagner yumo, pengine zaidi kama mtu wa kubishana naye kuliko wa kuiga. Barua ya mwandishi aliyeudhika ni ushahidi, ila ushahidi wa shahidi mwenye maslahi.

Kwa upande mwingine, Tolkien alipokiri hakukiri nusu nusu. Bilbo anaiba kikombe katika hazina ya Smaug, joka linaamka na kuchoma kila kitu. Hivyohivyo hutokea katika Beowulf, utenzi ambao yeye, profesa wa Kiingereza cha kale, aliutolea mhadhara mashuhuri mwaka 1936. Mwaka 1938 alisema Beowulf ni miongoni mwa vyanzo anavyovithamini mno, lakini kwamba alipokuwa akiandika wizi ule hakuwa akiufikiria. Hadithi ilijipeleka yenyewe pale. Namwamini. Aliyelala na kitabu kwa miaka hakihitaji mezani ili kimwongoze mkono.

Mizizi mingine ni uvumi uliovaa koti. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akaondoka akiwa na umri wa miaka mitatu, na huko, akiwa mdogo, aliumwa na buibui mkubwa. Hivyo, tunaambiwa, ndipo alipotoka Shelob, buibui jike wa kutisha. Tolkien mwenyewe alisema hakumbuki lolote la tukio hilo na wala hana uadui maalumu na buibui. Au kisiwa cha Númenor kilichomezwa na bahari: hapa aliikubali Atlantis bila shida, aliota mara nyingi ndoto ya wimbi kubwa, lakini jina Atalantë ambalo kisiwa kilipewa baada ya kuanguka alisema lilijitokeza kwa bahati kutokana na mzizi wa lugha aliyokuwa amekwisha kuitunga, wenye maana ya kuanguka. Ukitaka kucheka, hapo pana pa kuchekea.

Mvutano ulio mzito zaidi ni wa imani. Upande mmoja unamwona Tolkien mrithi wa miungu ya kaskazini. Mwingine unashika barua ya Desemba 1953 aliyomwandikia Padri Robert Murray, akisema kazi yake kimsingi ni ya dini na ni ya Kikatoliki, mwanzoni bila kukusudia, baadaye kwa kukusudia. Gandalf anawaudhi wote wawili. Kofia pana, joho, fimbo na kutangatanga kwake ni vya Odin, na Tolkien mwenyewe alimhusisha na Odin mzururaji katika barua ya 1946. Lakini Odin ni mungu wa vita asiyeaminika, anayewasaliti mashujaa wake mwenyewe. Gandalf ametumwa, amekatazwa kutawala kwa nguvu, anakufa kwa ajili ya wenzake na kurudishwa. Amevaa nguo za mmoja, moyo ni wa mwingine. Na tarehe ambayo Pete inaangamizwa, 25 Machi, ni siku ambayo kanisa huadhimisha Malaika Gabrieli kumpasha Maria habari, nayo kwa mapokeo ya zamani za kati ilihesabiwa pia kuwa siku ya kusulubiwa. Msafara wa kuipeleka Pete uliondoka Rivendell, makazi ya Waelfi, 25 Desemba. Mkatoliki kama yeye hakuziokota tarehe hizo barabarani.

Hapa niseme kitu kuhusu maneno "kisasili kwa ajili ya Uingereza", yanayonukuliwa kila mahali kama ya Tolkien. Katika barua yake ndefu kwa Milton Waldman, karibu na mwisho wa 1951, alisema aliwahi kutamani kutunga mkusanyiko wa ngano ambao angeitunukia nchi yake. Wazo ni lake. Maneno yale mafupi yaliyogeuka kauli mbiu si yake.

Filamu na tamthilia zimeongeza kelele kuliko nuru. Filamu ya 2001 ilimpa Balrog mabawa ya moshi na kivuli, naye anaanguka bila kuruka, kwa hiyo kila kambi ikashangilia. Waelfi wenye masikio yaliyochongoka wanaonekana kila mahali, ilhali The Lord of the Rings haisemi hivyo. Hoja bora ya wanaoyatetea masikio hayo ni dondoo moja katika karatasi za lugha. Tamthilia ya televisheni iliyoanza 2022, The Rings of Power, ilijengwa juu ya haki za The Hobbit na The Lord of the Rings pamoja na viambatisho vyake, si The Silmarillion. Wengi wanaolalamika kwamba fulani ameachwa au amebadilishwa wanalalamikia mkataba wakidhani wanalalamikia mwandishi wa tamthilia. Kubana mambo ya zaidi ya miaka 3,000 yaonekane ya kizazi kimoja, hilo ni uamuzi wa kisanii, na hapo walalamike watakavyo.

Na Tom Bombadil, yule mzee mchangamfu wa msituni ambaye Pete haimwezi? Mungu mkuu, roho ya dunia, msomaji mwenyewe, yote yamesemwa. Tolkien alimwandikia Naomi Mitchison mwaka 1954 kwamba hata katika zama za visasili lazima pawe na mafumbo, na kwamba Bombadil ni mojawapo, kwa makusudi. Kabla ya hapo alikuwa mwanasesere wa mmoja wa watoto wake.

Turudi darajani. Katika rasimu ya mwanzo ya tukio lile, Balrog hakuzidi kimo cha mtu. Baadaye Tolkien akajiandikia maagizo ya kubadilisha maelezo: aonekane kama ana umbo la mtu, lakini umbo lenyewe lisibainike, ahisiwe kuwa mkubwa kuliko anavyoonekana. Kambi ya kivuli ilipoipata karatasi hiyo ilidhani imeshinda. Kambi ya mabawa ikaisoma tena taratibu, ikaonyesha kwamba haitaji mabawa hata mara moja.